Kabla hujaprinti tiketi ya Bangkok: namna ya kuikagua kazi ya nje ukiwa bado Kigoma

Nina steshenari Mwanga, hapa Kigoma mjini. Natoa kopi, naprinti, naskani, napiga picha za pasipoti, na asiyeuzoea mtandao namjazia fomu: ya chuo, ya mkopo, ya ajira, ya pasipoti. Kwa hiyo karatasi za watu hupita mikononi mwangu mapema sana, kabla hazijafika kwa afisa yeyote. Miaka hii ya karibuni zimeanza kupita barua ambazo nikizisoma nakosa raha siku nzima. Kazi Thailand, kazi Kambodia, kazi Laos. Zimetumwa WhatsApp kwa kijana wa Gungu au Katubuka, au wa Kasulu aliyeshuka mjini na basi la asubuhi, zina mhuri mwekundu wa kampuni na mshahara wa dola 1,200 kwa mwezi.

Ninawaandikia vijana hao na mama zao, kwa sababu mara nyingi mama ndiye anayeuza madumu ya mawese apate nauli ya kumfikisha mtoto Dar es Salaam. Simkatazi mtu kusafiri. Watu wa Kigoma tumesafiri tangu enzi za mababu, kwa meli na kwa reli, na wapo waliokwenda mbali wakafanikiwa. Ninachoomba ni karatasi ikaguliwe hapa hapa. Ukiwa hapa, kukagua kunagharimu bando na nauli ya bodaboda. Ukishafika kule, hata serikali zenye jeshi na ndege zinapata tabu kukutoa.

Kilichoko upande wa pili

Kati ya Thailand na Myanmar kuna mto unaitwa Moei. Upande wa Thailand kuna mji wa Mae Sot, ng'ambo yake kuna Myawaddy. Kandokando ya mto huo, kwenye maeneo yanayoshikwa na vikundi vyenye silaha, yamejengwa majengo yenye kuta ndefu na walinzi, yakiwemo ya KK Park na Shwe Kokko. Kambodia yapo Sihanoukville, na mpakani Poipet na Bavet. Laos yapo kwenye eneo maalumu la uchumi linaloitwa Pembetatu ya Dhahabu, kando ya mto Mekong. Ndani ya majengo hayo watu wanakalishwa mbele ya simu na kompyuta wajifanye wachumba au washauri wa uwekezaji. Wanamwandikia mtu wa Marekani, Ulaya au China wiki baada ya wiki, mpaka amwamini yule asiyemjua na kutuma akiba yake kwa sarafu za mtandaoni.

Wengi wa wanaoandika jumbe hizo ni watu walionaswa. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, katika ripoti yake ya Agosti 2023, ilikadiria kwamba Myanmar peke yake wapo watu wasiopungua 120,000 wanaolazimishwa kazi hiyo, na Kambodia kama 100,000. Interpol, shirika la polisi la kimataifa, nayo ilieleza kwamba kufikia Machi 2025 waliopelekwa kwenye vituo hivyo walikuwa wametoka nchi 66. Kenya ilianza kuwatoa raia wake huko mwaka 2022. Waganda na Waethiopia wamo pia, kwa hiyo hili si jambo la watu wa mbali.

Masimulizi ya waliotoka yanafanana mno. Pasipoti inachukuliwa siku ya kwanza. Unaambiwa una deni la tiketi, viza, chakula na kitanda, na deni hilo kila ukilihesabu limeongezeka. Unafanya kazi saa 12 kwa siku, wengine hadi saa 17. Usipofikisha lengo la siku unapigwa, unapigwa shoti ya umeme, au unanyimwa chakula. Ukitaka kutoka, ndugu zako watafutwe walipe maelfu ya dola. Na kuna kuuzwa: bosi mmoja anamuuzia mwingine watu, pamoja na deni lao.

"Hayo yalishaisha"

Kijana mmoja nilipomweleza haya alinijibu kwamba wakala wake amemhakikishia kuwa hayo yalishaisha, serikali zimeshafunga kila kitu. Hapa inabidi tuzungumze kwa urefu, kwa sababu wakala yule alichanganya kweli na uongo.

Ni kweli serikali zimefanya kazi. Tarehe 5 Februari 2025 Thailand ilikata umeme, mafuta na intaneti iliyokuwa ikivuka mpaka kwenda maeneo matano ya Myanmar. Wiki chache baadaye zaidi ya watu 7,000 walitolewa kwenye vituo vya Myawaddy. Oktoba 2025 jeshi la Myanmar liliingia KK Park, na watu zaidi ya 1,500 wakakimbilia Thailand. Mwezi huo huo Starlink, kampuni ya intaneti ya setilaiti, ilizima vifaa vyake zaidi ya 2,500 vilivyokuwa vikitumika karibu na vituo hivyo. Mwezi huo huo tena, Marekani ilimfungulia mashtaka Chen Zhi, mwenyekiti wa Prince Group ya Kambodia, ikakamata bitcoin 127,271, thamani yake kama dola bilioni 15, na kwa pamoja na Uingereza ikaliwekea kundi lake vikwazo. China iliwahukumu kifo watu 11 wa genge la ukoo wa Ming, lililoendesha vituo vya utapeli Myanmar, Septemba 2025. Ufilipino ilipiga marufuku kampuni za kamari za mtandaoni zilizokuwa zikificha utapeli, na Novemba 2025 mahakama yake ikamfunga maisha Alice Guo, aliyekuwa meya wa mji wa Bamban, kwa kosa la kusafirisha binadamu.

Hizo ni hatua kubwa, nami nazipongeza kwa moyo wote. Lakini angalia wale 7,000 waliotolewa Februari. Hawakupanda ndege kesho yake. Walirundikwa kwenye kambi za vikundi vyenye silaha wakisubiri, kwa kuwa Thailand haikukubali mtu avuke mpaka nchi yake iwe tayari kumpokea na kumsafirisha. Wenye serikali iliyokuja haraka na ndege waliondoka haraka. Waafrika wengi walibaki wiki nyingi, wengine miezi, wakisubiri tiketi. Na mabosi wakifukuzwa hapa wanahamia pale. Vikifungwa vituo vya mtoni, wanatafuta mji mwingine, hata nchi nyingine. Interpol imeshaonya kwamba Afrika Magharibi nayo inaanza kuwa makao ya biashara hii. Kwa hiyo wakala akikwambia yalishaisha, muulize kwa nini basi yeye bado anatafuta watu.

Soma barua kama ninavyoisoma mimi

Nikipewa barua ya kazi niiprinti, kitu cha kwanza ninachotazama ni kazi yenyewe. Hizi barua zinarudia maneno yale yale: huduma kwa wateja, kuingiza data, masoko ya mtandaoni, wakati mwingine ukalimani. Sifa zinazotakiwa ni Kiingereza na kuchapa haraka. Wengine wamepewa hata mtihani wa kuchapa kwa simu, maneno kadhaa kwa dakika, na usaili wa dakika kumi WhatsApp au Telegram. Jiulize kwa utulivu: kampuni gani inatoa tiketi ya ndege, chumba, chakula na dola 1,200 kwa mtu ambaye haijaomba kuona hata cheti chake cha kidato cha nne? Bangkok kuna maelfu ya vijana wanaochapa haraka. Kuna nini mpaka wakufuate wewe Kigoma?

Halafu tazama fedha, na hapa ndipo wazazi wengi wanapoteleza. Tumezoea kwamba tapeli ni yule anayeomba hela. Redio na mitandao ya simu wametufundisha hivyo kwa miaka mingi, na ile "hela tuma kwenye namba hii" kila mtu anaijua. Kwa hiyo wakala asiyeomba hata shilingi anaonekana mtu wa Mungu. Mama mmoja aliniambia dukani, "Mwanangu, huyu angekuwa mwizi angetudai. Katulipia yeye." Ndiyo maana kalipia. Tiketi ile ndiyo mwanzo wa deni. Kwenye biashara hii mtoto wako ndiye mali, na tiketi ni bei ya kumnunua.

Baada ya hapo nenda kwenye viza. Mtu anayekwenda kufanya kazi Thailand anapaswa kuwa na viza ya kundi B, isiyo ya uhamiaji, na kibali cha kazi. Barua nyingi zinasema uingie kwa viza ya utalii, "tutaibadilisha ukifika". Neno hilo peke yake linatosha kukurudisha nyumbani. Na ukielekezwa jinsi ya kumjibu afisa wa uwanja wa ndege, kwamba useme unakwenda kutembea, au kwenye harusi, au kwenye semina ya kanisa, elewa kwamba umeshaanza kufundishwa uongo na mtu ambaye hujamwona uso.

Muulize mji. Si nchi, mji, na mtaa. Fungua ramani kwenye simu uandike jina hilo mwenyewe. Ukiambiwa Bangkok, uliza tena: ofisi iko jengo gani, na nitalala wapi usiku wa kwanza? Kama jibu lina Mae Sot, Chiang Rai au Chiang Mai, au mji wowote ulio karibu na mpaka, simama hapo. Kutoka Bangkok hadi Mae Sot ni kama kilomita 500, safari inayozidi reli yetu ya kutoka hapa hadi Tabora. Mwajiri wa kweli wa Bangkok hana sababu ya kukutumia dereva akuendeshe usiku kucha kuelekea mtoni. Poipet, Bavet, Sihanoukville, Myawaddy na Pembetatu ya Dhahabu nimeyaandika kwa kalamu nyekundu kwenye ubao wa dukani kwangu, karibu na bei za kopi, na anayekuja na barua yenye jina mojawapo namwonyesha kwa kidole.

Picha za ofisi usiziamini mpaka umezikagua. Zihifadhi, uzipitishe Google Lens, ambayo hukutafutia picha inayofanana mtandaoni. Mara nyingi utakuta picha hiyo hiyo ni ya hoteli au ya kampuni isiyohusika kabisa. Kwenye barua yenyewe tazama anwani ya barua pepe kama ni ya kampuni au ni ya bure kama Gmail. Tazama kama jina la kampuni limeandikwa sawasawa kote, juu, chini na ndani ya mhuri. Niliwahi kuletewa barua ambayo juu ilikuwa na jina moja, kwenye mhuri jina lingine, na kipengele cha "mahali pa kazi" kimeandikwa "kitaelekezwa". Nikaikuza kwenye kioo cha kompyuta mpaka herufi zikawa kubwa kama vidole, kijana akaiona mwenyewe. Hakusema kitu. Aliichukua simu yake akatoka nje kupiga, na aliporudi aliniambia nisiprinti.

Wakala naye akaguliwe

Wakala wa Tanzania anayetafutia watu kazi nje lazima awe na leseni ya uwakala wa ajira. Ofisi ya serikali inayohusika na huduma za ajira ni TaESA, Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania. Chukua jina la kampuni na namba ya leseni, kisha uwaulize TaESA wenyewe, kwa namba uliyoipata wewe kwenye tovuti yao. Usipige namba aliyokupa wakala, maana atakayepokea ni mwenzake. Hapa mkoani unaweza pia kwenda ofisi ya kazi ukamwona afisa kazi, ukiwa na kopi ya barua mkononi.

BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, utapata kujua kama kampuni imesajiliwa. Angalia vizuri tofauti hii: cheti cha BRELA kinathibitisha kwamba kuna kampuni, basi. Hakimpi mtu ruhusa ya kupeleka vijana nje. Nimeona wakala akitembeza cheti cha kampuni ya kuuza nafaka, kimepigwa lamination vizuri, na watu wakakipokea kwa heshima zote.

Pasipoti ifuatilie mwenyewe. Ada yake ni shilingi 150,000, na maombi yanaanzia kwenye tovuti ya Uhamiaji. Kwetu mpakani maswali ya uraia huwa mengi, wanataka kujua baba kazaliwa wapi na babu kazaliwa wapi, na karatasi za wazee hazipatikani kirahisi. Wakala anaijua shida hiyo. Anakuja na "nitakutolea haraka, nina mtu", kisha pasipoti ikitoka anabaki nayo yeye "kwa usalama". Pasipoti ikae kwako tangu siku ya kwanza. Na akikuelekeza uvukie Manyovu ukapande ndege Bujumbura, au upitie nchi nyingine yoyote wakati Dar es Salaam kuna uwanja, anachokwepa ni maswali ya maafisa wetu, ambayo yapo kwa ajili ya kukulinda.

Jambo gumu zaidi ni kwamba wakala mara nyingi si mgeni. Ni binamu. Ni mtu mliyesoma naye. Ni rafiki aliyekwishatangulia, anayepiga simu kusema huku ni pazuri, njoo. Kule ndani watu huambiwa wataachiwa au watapunguziwa deni wakileta wengine, kwa hiyo sauti ya rafiki yako inaweza kuwa inatoka kwenye kinywa cha mtu aliyesimamiwa. Usimtukane wala usimtuhumu. Mpigie kwa video. Mwombe akuonyeshe pasipoti yake akiwa ameishika, akuonyeshe dirisha na barabara iliyo nje, atoke hadi dukani anunue maji huku mnaongea. Aliye huru atacheka na kutoka. Asiye huru atakuwa na sababu kila mara.

Kama umeamua kwenda

Umekagua, umeridhika, unasafiri. Usiondoke bila kuacha faili nyumbani. Mimi huwaandalia wateja bahasha moja ya khaki: kopi ya pasipoti ukurasa wa picha, kopi ya viza, tiketi yenye namba ya ndege, mkataba, picha ya wakala, namba zake zote za simu, jina la benki au mtandao aliotumia kutuma hela, na mazungumzo yote ya WhatsApp yaliyoprintiwa toka ujumbe wa kwanza. Mama aihifadhi bahasha hiyo panapohifadhiwa hati ya kiwanja. Simu yako inaweza kunyang'anywa na mazungumzo kufutwa, lakini karatasi iliyo Ujiji hawaifikii.

Kisha kubalianeni neno la siri. Lisiwe neno la ajabu kama "msaada" au "hatari". Liwe sentensi ya kawaida ambayo nyinyi tu mnajua kwamba si kweli. Familia moja ninayoifahamu walichagua "nisalimie bibi wa Ujiji", kwa sababu bibi huyo alishafariki miaka mingi. Mtoto akisema hivyo, nyumbani wanajua ameshikwa, na anayemsikiliza hatambui kitu. Msitegemee Kiswahili au Kiha kuwaficha, maana kule kuna watu wa kila lugha na wanalazimishwa kutafsiri. Wekeni pia namna ya kujibu, kwa mfano mama akiuliza "umekula nini?" jibu la ugali liwe na maana moja na jibu la wali maana nyingine.

Ukitua Bangkok na mambo yakabadilika, kwa mfano aliyekuja kukupokea anataka pasipoti yako, au anataka simu yako "aweke laini", au gari linatoka nje ya jiji na halisimami, ujue kwamba maadamu bado uko Thailand una nafasi. Polisi wa watalii wa Thailand wanapatikana kwa namba 1155, na namba 1300 ni ya msaada wa kijamii, ikiwemo waliosafirishwa kiharamu. Ziandike kwa kalamu ndani ya mkanda au kwenye nguo, zisiwe kwenye simu tu. Kwenye kituo cha mafuta, chooni, kwenye kizuizi cha polisi barabarani, popote penye watu, shuka na upige kelele. Aibu ya kukosea ni ndogo.

Mtoto ameshafika kule

Sasa naongea na mzazi. Ukipata ule ujumbe, au mtu akikupigia kudai dola, pumua kwanza. Usiandike Facebook wala kutuma sauti kwenye makundi ya mtaa, kwa sababu wanaomshikilia wanafuatilia, na akionekana amesema nje anaadhibiwa yeye. Usimpigie ovyo. Subiri akutafute saa anayoweza, mjibu kwa kifupi, umwambie afute. Muulize vitu vichache vyenye faida: atume pini ya ramani mara moja, aseme jengo namba ngapi, ghorofa ya ngapi, anaona nini dirishani, wapo Watanzania wangapi.

Halafu kaa uandike ukurasa mmoja. Nimesaidia kuandika kurasa kama hizi, na najua kinachofanya ofisi isirudishe karatasi. Juu weka jina kamili kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti. Chini yake tarehe aliyotoka Kigoma, aliyoondoka Dar es Salaam, ndege na namba yake, alikotua. Kisha mahali alipo sasa na ulivyopajua. Kisha jina na namba za wakala. Mwisho namba yako na ya mtu mwingine mmoja wa familia. Ambatanisha pini, picha, na zile karatasi za kwenye bahasha. Malalamiko na machozi yana haki yake, lakini yaache nje ya ukurasa huo. Afisa wa ubalozi wetu aliye Kuala Lumpur, Malaysia, anahitaji namba ya pasipoti kabla ya kitu kingine chochote.

Toa kopi nne. Ya kwanza peleka polisi, umwombe mkuu wa upelelezi wa mkoa, ufungue jalada na uondoke na namba ya RB. Ya pili ni ya Sekretarieti ya Kuzuia na Kupambana na Biashara Haramu ya Usafirishaji wa Binadamu, iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Ya tatu ni ya Wizara ya Mambo ya Nje, Dodoma, ambao ndio watakaojua ubalozi gani wetu unashughulikia nchi hiyo. Kuala Lumpur na Beijing tuna balozi. Ya nne ni ya IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, ambalo lina kazi zake mkoani kwetu na husaidia waathirika wa usafirishaji kurudi nyumbani. Ukipeleka moja tu, unabaki kusubiri ofisi moja. Rudi kila wiki, kwa adabu, ukiwa na ile namba ya RB.

Kuhusu fidia wanayodai. Siwezi kumwambia mama asiuze chochote wakati anasikia mwanawe akilia kwenye simu. Lakini jueni kwamba wapo waliolipa na mtoto akauzwa kwa bosi mwingine, deni likaanza upya. Toa taarifa kwanza, kabla hujauza kiwanja, na kama ndugu wameamua kulipa, polisi wajue, na kila muamala uwe na risiti.

Na msinyamaze kwa kuogopa kwamba mtoto atafungwa kwa utapeli aliolazimishwa. Tanzania ina Sheria ya Kuzuia Biashara Haramu ya Usafirishaji wa Binadamu ya mwaka 2008, na imeridhia Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, ya Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji wa binadamu, ambayo inasema wazi kwamba kukubali kwa mtu hakuhesabiki kama alikubali kwa kudanganywa. Alipanda ndege mwenyewe, ndiyo. Alidanganywa, kwa hiyo ni mwathirika.

Jumbe zinazotufikia sisi

Hapa nitapita haraka. Yule "mzungu" aliyekutumia ujumbe kwa kukosea namba, akawa mpole, akawa mchumba, baada ya mwezi akakufundisha kuwekeza, anaweza kuwa kijana kama wako amekaa mbele ya mlinzi. Usimjibu na usitume hela. Hata mfumo ukikuonyesha faida na ukakuruhusu kutoa kiasi kidogo mara ya kwanza, hiyo ni chambo. Ujumbe wa kitapeli wa simu utume kwenda 15040, kisha fuata maelekezo ya kuweka namba iliyokutumia. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, na usiyoitambua nenda ukaifute. Usimkodishie mtu laini yako wala akaunti yako, hata kwa siku moja. Kesi ikija chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, jina litakaloonekana ni lako.

Akirudi

Mtoto akifika stesheni ya Kigoma, mpokeeni kama aliyetoka hospitali. Wengine wanarudi na majeraha, wengine hawalali, wengine wanashtuka simu ikilia. Msimuulize "hela ziko wapi". Mpelekeni Maweni, hospitali yetu ya mkoa, na majeraha yaandikwe kwenye cheti chake, kwa sababu cheti hicho ni ushahidi.

Halafu, akiwa amepumzika, aende polisi akaandike maelezo. Hili familia nyingi hawalitaki kwa kuogopa maneno ya mtaa, na hasa pale wakala anapokuwa ndugu. Nawasihi mlifanye. Wakala yule yupo bado, ana namba mpya na barua mpya, na bila shahidi mahakamani kesi yake inafutwa. Kijana aseme tarehe, majina, namba za simu, nani alimpokea wapi. Ile bahasha ya khaki iende naye, kopi ibaki nyumbani. Asisaini maelezo kabla hajasomewa yote, na kama kuna jambo limeandikwa tofauti na alivyosema, aombe lirekebishwe kabla ya kuweka sahihi.

Kwa wa hapa Kigoma mwenye barua ya kazi mkononi sasa hivi, ilete steshenari yoyote unayoiamini, au kwangu Mwanga, muisome pamoja kabla hujaprinti chochote. Kusoma sichukui hela.